Sufuria za Ndolo na Simu ya Iviani

Walimzika Ndolo Ijumaa iliyopita. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki katika hema la pili, nikamsikiliza mchungaji, kisha diwani wa zamani, kisha mwanawe mkubwa, na kila mmoja alisema kwa zamu yake kwamba huyu ndiye mtu aliyeleta simu Iviani. Mara ya kwanza nilitazama viatu vyangu. Mara ya pili nilikohoa. Mara ya tatu, mwanawe aliposema kwa maikrofoni, "Baba ndiye alituunganisha na dunia," nilihisi damu ikinipanda hadi masikioni, na mtu aliyeketi karibu nami akaniuliza kama nataka maji. Sikutaka maji. Nilitaka kuipindua ile meza ya maua. Nje ya ua, kando ya barabara, kulikuwa na mtaro uliofukiwa juzi tu, udongo wake bado mwekundu. Ndani yake kampuni imepitisha waya ya intaneti, ile vijana wanaita faiba, na sasa kunatafutwa chumba cha kuweka mitambo ili watu wa huku juu milimani wajue bei na kuuza matunda yao bila kupitia kwa dalali. Mwanawe Ndolo hakungoja hata babake afunikwe. Alisema jengo la marehemu liko tayari kupokea mitambo hiyo, mkutano wa wananchi wa kuamua ni Jumanne, na familia itatoa chakula cha mchana kwa wote watakaofika. Watu walipiga makofi kwa sababu ya chakula. Mimi sikupiga, kwa sababu chakula hicho nakijua. Nimeshakila.

Kuna mwaka mmoja ambao nimekuwa nikiuruka kila ninapowasimulia wajukuu maisha yangu. Ulikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani miezi mingi nikingoja barua ya kazi, huku nikijiona mtu mkubwa kwa sababu nilikuwa na kalamu mfukoni mwa shati. Soko letu la Iviani lilikuwa na maduka matano, kanisa, na mti wa kufungia punda. Barabara ya kushuka ilikuwa mawe matupu. Lakini machungwa yalikuwepo. Akina mama wa milima yetu ya Mbooni walikuwa wamejifunza kupandikiza michungwa juu ya mashina ya ndimu, na miti ilikuwa imeanza kuzaa hata matawi yakawekewa miti ya kuyashikilia. Kiongozi wao aliitwa Syombua, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Siku moja alikuwa ameshusha machungwa yake hadi Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, akayapanga chini kwenye gunia, na tajiri mmoja wa Mombasa akasimamisha lori lake. Alionja moja, akala la pili, akamwambia: mngekuwa na simu huko kwenu ningekuwa nawajulisha siku ninayopita, mnachuma, mnashuka, najaza lori zima. Bila simu siwezi kulala Salama nikingoja machungwa. Syombua alirudi na maneno hayo akayasema kanisani baada ya ibada, akiwa amesimama, mkono kiunoni. "Hatukosi machungwa," alisema. "Tunakosa kuambiwa Alhamisi." Na kila mtu alimwelewa, kwa sababu chungwa likichumwa mapema linanyauka, na likichelewa lori limeshapita.

Afisa wa simu alipokuja alisema wazi kwamba watatoa nguzo, waya na mashine, lakini hawana watu wa kuchimba mashimo kwenye mlima wetu wala gari la kupandisha nguzo. Basi ikaitwa mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni kazi ya pamoja: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na kesho kutwa tunachimba bwawa la wote. Ina kanuni moja ambayo kila mtoto wa Kikamba aliijua kabla ya kujua kusoma. Aliyeita watu ndiye anayewapikia. Ukikuta watu wanalima na unataka kujua shamba ni la nani, huulizi, unatazama moshi unatoka nyumba gani. Na kama kazi ni ya wote, kila mmoja anakuja na chake kwenye kiondo. Mimi nilichaguliwa katibu. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya waliofika. Miezi mitatu nilitembea na daftari juu ya ule mstari wa mashimo, na katika miezi hiyo mitatu sikushika jembe hata siku moja. Walinitania. "Kioko, hiyo kalamu haijakutoa malengelenge?" mmoja angeuliza akiwa ndani ya shimo, kichwa tu kikionekana. "Mwacheni," mwingine angejibu, "akishika sururu mkono utavunjika, nani atatuandikia tumekufa?" Nami nilicheka nao, mjinga mimi, nikidhani wananipenda.

Nguzo zilikuwa zimemwagwa kule chini gari kubwa la nguzo lilikoishia, zinanuka lami. Wanawake kumi na wawili kwa nguzo moja, kamba za kiondo vipajini, miguu pekupeku kwenye mawe, na Syombua mbele akiimba na wengine wakiitikia. Wanaume walikuwepo, siwezi kuwanyima haki yao, lakini wengi walikuwa kazini Nairobi na Mombasa, na waliobaki walikuwa wepesi kukumbuka shughuli nyingine jua likipanda. Mchana walikaa kivulini na kufungua vifurushi: isyo ya mahindi na maharagwe iliyochemshwa jana, ndizi, kibuyu cha uji. Mimi nilikula kwa huyu na kwa yule. Hapo ndipo nilikuwa nasikia mipango yao. Yule atanunua mabati. Huyu anataka punda wa pili. Syombua alitaka kikundi kiwe na duka lake la mbegu na dawa za miti, na kwenye duka hilo simu ikae mezani, mlango wazi, mtu yeyote aingie aulize bei ya Mombasa. Alikuwa ameshachagua chumba, stoo ya kanisa iliyokuwa na viti vibovu. Walikifagia kabla hata shimo la kumi halijachimbwa.

Ndolo hakuwahi kufika kwenye mwethya. Alikuwa na duka kubwa kuliko yote pale sokoni, lori dogo lililokuwa likinunua matunda kwetu kwa bei yake, na tumbo la mtu asiyeharakishwa. Kisha, ilipobaki wiki mbili kazi iishe, njaa ikawa imetubana kwa sababu mvua ya vuli ilikuwa imekosa, na watu wakawa wanakuja na vifurushi vidogo, wengine bila. Siku hiyo lori la Ndolo lilipanda likiwa na sufuria tatu. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uliokaangwa kwa nyama ya mbuzi. Chai ya maziwa kwenye debe. Soda kreti mbili, na soda wakati huo mtu alikuwa akiinywa Krismasi. Nakumbuka harufu ya vitunguu ilivyopanda mlima mbele ya lori lenyewe. Ndolo alishuka, akatoa kofia. "Akina mama," alisema, "mimi ni mgonjwa wa mgongo, siwezi kuchimba. Hiki ni kidogo tu cha kuwapa pole." Watu walikaribia. Syombua peke yake alibaki amekaa pale pale kwenye kifusi cha shimo lake.

"Ndolo," aliita, "tangu lini tunakulimia?"

"Si kunilimia, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni chakula tu."

"Kwetu hakuna chakula tu. Anayepikia mwethya ni mwenye shamba. Hapa shamba ni la nani?"

Wanawake waliokuwa wameshika sahani walitazamana. Mimi ndiye niliyejibu, na maneno yangu nayakumbuka kuliko ninavyokumbuka ahadi zangu za ndoa. Nilisema, "Mama Syombua, hayo ni mambo ya wazee wa zamani. Haya ni maendeleo. Chakula ni chakula, na watu wana njaa." Nilisema kwa sauti ya shule, ile ya mtu aliyesoma jiografia. Nikawa wa kwanza kushika kijiko. Baadaye nilifungua ukurasa wa nyuma wa daftari, pale palipokuwa patupu, nikaandika: Chakula, Ndolo. Siku iliyofuata tena, na iliyofuata, hadi nguzo ya mwisho iliposimama. Syombua alikula mahindi yake ya kuchemsha kutoka kwenye mkebe, peke yake, ametugeuzia mgongo. Ndolo aliponipita siku ile ya kwanza aliniminya bega. "Katibu," alisema polepole, "simu ikija itahitaji mtu wa kuishika. Mtu aliyesoma."

Sasa niwaulize wale waliopiga makofi Ijumaa, mnajua mkutano wa kuamua simu ikae wapi ulichukua muda gani? Muda wa kunywa chai. Naibu wa chifu alikaa mbele. Syombua alisema stoo ya kanisa imefagiwa, mlango una kufuli, akina mama wamekubaliana. Ndolo alisimama, kofia mkononi, mpole kama shemasi. Hakusema duka lake lina bati jipya wala kwamba yeye ni tajiri. Aliuliza swali moja tu. "Wazee, mimi ni Mkamba kama nyinyi. Naomba katibu asome, mwethya huu ulilishwa na nani?" Nikasimama. Ningeweza kusema kwamba miezi mitatu kasoro wiki mbili watu walijilisha wenyewe. Ningeweza kusema lolote. Nilifungua ukurasa wa nyuma, nikasoma siku moja baada ya nyingine: Chakula, Ndolo. Chakula, Ndolo. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Kanuni ile ile niliyoiita ya zamani ilitolewa kabatini ikafutwa vumbi na mtu ambaye hakuwahi kuiamini, na kwa sababu wote tulikuwa tumekula, hakuna aliyekuwa na mdomo wa kubisha. Wengine wananiambia Ndolo alikuwa mwerevu. Hapana. Mwizi akifunguliwa mlango haitwi mwerevu.

Chumba cha simu kilikuwa nyuma ya duka la Ndolo, ukipita kati ya magunia ya sukari na madebe ya mafuta ya taa. Dirisha moja lenye vyuma. Meza, kiti changu, kalenda, na simu yenyewe, nyeusi, nzito, na mkono wa kuzungusha pembeni ili uamshe opereta kule chini. Iliponguruma mara ya kwanza mwanamke aliyekuwa akinunua chumvi aliangusha pakiti. Niliipenda ile simu. Niliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa changu mwenyewe, nikajifunza kusema "Iviani hapa" kwa sauti nzito. Na kwa muda hakuna ubaya uliotokea, watu walipata habari za wagonjwa na za vifo, wakashukuru, nikaanza kuamini kwamba labda haijalishi simu iko kwa nani. Kisha machungwa yakaiva.

Tajiri wa Mombasa alipiga Jumatatu asubuhi. Bwana Athumani, sauti tamu ya pwani, ikija na kwenda kama mtu anayeongea ndani ya pipa. "Hujambo, kijana? Waambie wale akina mama gari langu lapita Salama Alhamisi. Litawangoja hadi saa sita. Nataka lijae." Alinitajia bei. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Ndolo. Niliandika kwenye karatasi, nikainuka kwenda kumtafuta Syombua, na Ndolo alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipiga wala kunitisha, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba hakuhitaji. Alinyoosha mkono tu. "Lete nione kwanza." Alisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kaa. Chai inakuja." Nami nikakaa. Ilikuja chai na mkate uliopakwa siagi, nikala.

Mchana Syombua alifika. Alikuwa amevaa leso safi, kama anayekwenda ofisini.

"Simu imelia, mwanangu?"

"Haijalia, mwaitu."

Mashine ilikuwa katikati yetu mezani. Aliitazama, akashika pindo la leso yake akapangusa vumbi kidogo lililokuwa juu yake, taratibu, kama unavyompangusa mtoto makamasi. "Yule tajiri aliahidi kupiga wiki hii," akanung'unika. "Labda waya imeanguka mahali. Kesho nitaifuata nitazame."

Sikuweza kumwambia asiende. Kumzuia kungekuwa kukiri. Kwa hiyo Jumanne alfajiri Syombua alishika njia ya ule mstari wa nguzo, mlima hadi bonde, bonde hadi mlima, akitazama juu, nguzo baada ya nguzo, mashimo aliyoyachimba kwa mikono yake. Wakati huo huo lori la Ndolo lilikuwa likizunguka boma kwa boma na Ndolo mwenyewe mbele. "Nimepigiwa simu," alikuwa akisema, na hapo hakusema uongo, "machungwa yamejaa Mombasa, hakuna anayeyataka. Nitawasaidia kwa hiki kidogo." Wanawake walitaka kumngoja Syombua, lakini Syombua alikuwa nguzo ya hamsini huko, na machungwa yalikuwa yameanza kuanguka. Wakachuma. Jioni alirudi dukani, miguu imejaa vumbi hadi magotini, midomo imekauka. Hakuketi.

"Kioko, waya iko sawa. Nguzo zote zimesimama."

Nilisema, "Basi tungoje, mwaitu." Alisimama hapo kidogo zaidi, kama anayenipa nafasi, kisha akaondoka, nikamsikia akiinama kupita chini ya vikapu vilivyoning'inia dukani. Alhamisi lori la Ndolo liliteremsha machungwa yote ya Iviani kwenye lori la Mombasa pale Salama. Wiki iliyofuata Bwana Athumani alipiga kuuliza kwa nini hakuwaona akina mama. Ndolo alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisema, "Wamemwachia Mzee Ndolo kazi hiyo, bwana." Alisema ni vyema, akasifu machungwa.

Kwa miaka yote iliyofuata simu ile ililia kwa ajili ya Ndolo. Bei ya Mombasa ilipanda na yetu ikabaki chini. Mwenye kuuliza aliambiwa simu haijalia. Syombua alikataa kumuuzia hata chungwa moja. Misimu miwili yalioza chini ya miti, nyuki na nzi wakijaa hadi ukipita unazomewa nao. Msimu wa tatu nilisikia shoka. Alikata michungwa yote, ile aliyoipandikiza mmoja mmoja, akaichoma makaa, na makaa hayo mtu mwingine akayauza dukani kwa Ndolo, nami nilikota moto wake pale chumbani siku za baridi za Julai. Nilijua ni makaa ya miti gani. Nilikaa kwenye kiti kile miaka minne. Sikufukuzwa, wala sikuondoka kwa uchungu wa dhamiri. Niliondoka kwa sababu nilipata kazi yenye mshahara zaidi Makindu. Huo ndio ukweli na siupambi. Waya yenyewe ilikatwa miaka ya tisini ikauzwa kama vyuma vikuukuu. Mashimo ya nguzo bado yapo, ukijua pa kutazama.

Ijumaa ile chakula kilipoanza kugawiwa nilimwona Syombua mwisho wa hema, amekuwa mdogo, fimbo kando ya kiti, na mkebe wa isyo magotini. Amekula chake katika kila kilichofanyika kwa Ndolo tangu siku ile ya mashimo. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa zaidi ya miaka arobaini na yakatoka vibaya. "Mwaitu, siku ile ya machungwa. Simu ilikuwa imelia."

Hakuacha kutafuna. "Nilijua," alisema. "Nilijua nilipofika nguzo ya mwisho na waya iko sawa. Nikarudi nikakwambia iko sawa, ndiyo useme."

Nilinyanyuka. Nilipita kati ya meza nikamwomba mshereheshaji maikrofoni, akadhani nataka kutoa rambirambi. Nilisema simu ya Iviani ililetwa na akina mama wa mwethya, nikawataja majina, kwa sababu majina ya daftari lile nayajua kama ya watoto wangu. Nilisema Ndolo alileta sufuria tatu katika wiki mbili za mwisho, na kwamba mimi, Kioko, katibu, ndiye niliyewaambia watu chakula ni chakula, na ndiye niliyemdanganya mama huyu aliyeketi pale. Nilisema mkila Jumanne, mtambo huo ni wao na watoto wenu watauza matunda kwa bei ya mlangoni, ile anayoipanga dalali. Mwanawe Ndolo alifika akaninyang'anya maikrofoni, akisema mzee amechoka na jua. Wengine walicheka. Wengi waliendelea kupanga foleni ya pilau. Mzee mmoja alinionyesha kidole akasema mazishi si mahakama. Lakini wanawake wawili watatu niliowataja mama zao waliweka sahani chini, na hilo nililiona.

Nilirudi kwa Syombua. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Mkebe wake ulikuwa bado na isyo nusu, na bila shaka alinikuta macho yangu yamekwenda huko, kwa sababu aliufunika, akaubana kwa kiganja, akautia kwenye kiondo.

"Hiki ni cha waliochimba," alisema.

Akashika fimbo yake. Nilimsaidia kusimama, akakubali mkono wangu, kisha akauachilia.

"Jumanne njoo," alisema. "Lakini njoo na chako."